Mimi ni wa Nani? Kuchagua Kati ya Riwaya Nne za Kijana Anayejitafuta

Kijana wa Nairobi anapofikisha miaka 18 huenda kuomba kitambulisho, na fomu anayopewa humuuliza jina la baba, jina la mama, kaunti na lokesheni ya kwao. Kwa wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa kwa maandishi wao ni akina nani, na ajabu ni kwamba karibu kila swali linahusu watu wengine. Aliyezaliwa Pumwani, akalelewa Umoja na kusomea Makadara hujikuta akiandika jina la kijiji ambacho pengine amelala usiku kumi katika maisha yake yote, kwa kuwa akiulizwa "kwenu ni wapi?" na akajibu "Umoja", aliyemuuliza hudhani anafanyiwa mzaha. Naanza na fomu hiyo kwa sababu riwaya ya Kiswahili inapomfuata kijana anayejitafuta huanzia papo hapo. Kabla ya kumuuliza anataka kuwa nani, humuuliza ni wa nani.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu ambaye ana kijana wa miaka 15 au 16 mikononi mwake, amekwisha kuamua kumpa riwaya, na sasa amekwama mbele ya rafu. Nimekwama hapo mara nyingi mimi mwenyewe. Siku za Jumamosi huwa nakaa na kundi dogo la vijana wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tunasoma kwa sauti kwa zamu, na kila kundi jipya linapoanza hunibidi kuchagua kitabu kabla sijawajua wanaokuja. Nimewahi kukosea, nikampa msichana mkimya kitabu kilichomkimbiza kwa miezi miwili. Kwa hiyo haya ninayoyasema yametokana zaidi na makosa yale kuliko elimu yoyote ya fasihi niliyo nayo.

Vitabu vyenyewe ni vinne: Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyo mpya kuliko zote. Viwili vimeandikwa na Wakenya, kimoja na Mtanzania wa kisiwani Ukerewe na kimoja na Mzanzibari. Vyote vimepita katika mikono ya wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, na vyote vinapatikana kwa bei nafuu kwa wauza vitabu kuukuu wanaotandaza mali yao kando ya barabara za katikati ya jiji, ijapokuwa nakala utakayoipata huko huenda imekwisha kupigiwa mistari na mtahiniwa wa zamani.

Vigezo nitakavyotumia ni vichache. Nitaangalia kwanza swali ambalo kijana wa riwaya analibeba, maana wasomaji wawili wa umri mmoja wanaweza kuwa na maswali yasiyokutana hata kidogo. Kisha nitaangalia ni nani anayesimulia, na msomaji anawekwa karibu kiasi gani na moyo wa mhusika. Baada ya hapo ni makali ya mambo yanayosimuliwa, jambo ambalo wazazi huliuliza kwanza na ambalo mimi naliweka la tatu kwa makusudi. La mwisho ni Kiswahili chenyewe, kwa kuwa kijana wa Nairobi anayezungumza Sheng mtaani, Kiingereza darasani na lugha ya mama kwa nadra au asiizungumze kabisa, hukutana na kila kitabu kati ya hivi kama anayeingia nyumba ya jamaa wa mbali: mlango anaujua, vyumba havijui.

Swali analolibeba kijana

Kongowea Mswahili, kijana wa Siku Njema, anazaliwa Tanga na mwimbaji wa taarabu aitwaye Zainabu Makame. Baba hamjui. Mama anapofariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na swali la baba linakua pamoja naye mpaka linamtoa nyumbani na kumvusha mpaka kuingia Kenya, kutoka pwani kuelekea bara hadi Kitale. Ukilieleza hivyo linasikika kama swali jepesi, la mtu anayemtafuta mtu. Lakini tazama jina alilopewa. Kongowea ni jina la kale la Mombasa, lile ambalo washairi wa zamani waliuitia mji huo, na leo ni jina la soko kubwa la huko. Mswahili ndilo jina la pili. Mtoto wa Tanga, basi, anatembea huku amebeba jina la mji wa Kenya na jina la watu ambao hadi leo hatujakubaliana ni akina nani hasa. Naye mwandishi alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, aliyeipenda lugha ya pwani mpaka ikawa yake. Safari ya mhusika inapoelekea Kitale, kuna njia mbili zinazopishana: mvulana wa pwani anakwenda kutafuta asili yake bara, na mtu wa bara aliyemwandika alikwisha kujipatia nafsi yake katika lugha ya pwani. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayomfaa zaidi mtoto wa Nairobi ambaye baba ni wa kabila moja, mama ni wa jingine, na yeye ni wa Kiswahili tu.

Nimewahi kufanya jaribio dogo. Tulipofika mahali Kongowea anapotambulishwa, niliwaomba vijana kumi na wawili waliokuwepo waseme majina yao yana maana gani na waliitwa kwa sababu ya nani. Watano walijibu mara moja. Waliobaki walinyamaza, kisha mvulana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naitwa jina la babu, lakini ni babu wa upande wa mama, na hatuulizwi kwa nini." Hakuna aliyecheka. Wiki iliyofuata alikuwa amemaliza kitabu peke yake.

Rosa wa Rosa Mistika analo baba, tena analo kupita kiasi. Zakaria ni mlevi na mkali, na siku binti anapopata barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles, adhabu anayopewa inamfundisha somo moja tu: kwamba mwili wake ni hatari na kwamba mwenye amri juu yake ni mtu mwingine. Jina lake pia si la bure. Wakatoliki wanaosali litania ya Bikira Maria wanamjua Waridi Lenye Fumbo, na Rosa Mistika ndilo jina hilo kwa Kilatini. Binti amepewa jina la usafi wenyewe kabla hajajua kutembea. Anapotoka kijijini Namagondo na kwenda shule ya sekondari ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, anakuwa huru kwa mara ya kwanza bila kuwa na hata neno moja la kuutumia uhuru huo. Swali lake ni hili: nikiondolewa amri ya baba, kuna nini ndani yangu? Jibu ambalo riwaya inatoa linatisha, kwa maana kilichomo ni kiherehere cha kujaribu kila alichokatazwa, pamoja na hofu ileile ya zamani iliyobadili mavazi.

Maimuna wa Utengano ni jirani wa karibu wa Rosa, na kwa sababu hiyo sitamchelewesha msomaji hapa. Baba yake, Maksuudi, ni tajiri mwenye tamaa ya uongozi, na binti amefungiwa ndani ya nyumba bila kuuona ulimwengu. Nyumba inapopasuka, Maimuna anatoroka, na watu wanaompokea nje wana hesabu zao. Tofauti iliyopo ni kwamba Kezilahabi anamkazia macho Rosa peke yake, ilhali Said Ahmed Mohamed anaikagua nyumba nzima: mke, mtumishi, mkunga, mtoto wa kiume, mwanamke wa mjini mwenye kisasi. Swali la Maimuna linageuka kuwa swali la kila mtu aliyetengwa ndani ya nyumba ile, na jina la kitabu limelisema hilo waziwazi.

Umulkheri wa Chozi la Heri ana swali ambalo wenzake watatu hawana nafasi ya kuliuliza. Hao wanataka kujua wao ni nani. Yeye anataka kujua ndugu zake wako wapi. Mama ameondoka, baba amefariki, na mtumishi wa nyumba aitwaye Sauna ametoweka na wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko. Kijana huyu hana wasaa wa kujitafuta kwa maana ya kukaa na kutafakari, maana anajikuta kwa ghafla kuwa mkubwa wa nyumba isiyokuwepo tena. Anakuja kulelewa na watu wengine, Mwangeka na mkewe Apondi, ambao nao wana majeraha yao, na hapo ndipo swali la utambulisho linapoingia kwa mlango wa nyuma: je, mtoto anaweza kuwa wa watu ambao hakuzaliwa nao, na ni lini anaruhusiwa kuwaita mama na baba bila kumsaliti yeyote? Nchi ya Wahafidhina inayosimuliwa humo ni ya kubuni, lakini msomaji wa Kenya hawezi kuifungua bila kukumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Vijana wa leo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga wakati huo. Wazazi wao hawakuwa wachanga, na nimegundua kwamba kitabu hiki ndicho ambacho watoto hurudi nacho nyumbani wakiwa na maswali ya kuwauliza wakubwa.

Nani anasimulia

Hapa vitabu hivi vinagawanyika vibaya, yaani vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili. Kongowea anasimulia mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, akiwa mtu mzima anayeutazama ujana wake. Faida yake ni kubwa kwa msomaji anayeanza: hakuna mtu mzima anayesimama kati yake na mhusika akimwelekeza amhurumie au amhukumu. Hasara yake hugunduliwa baadaye. Mtu anayejisimulia huwa hodari wa kujitetea, na Kongowea hupenda kutuonyesha alivyokuwa na kipawa na alivyodhulumiwa. Msomaji mwerevu wa miaka 16 huanza kuuliza kama kila aliyemdhulumu alikuwa mbaya kiasi hicho. Akifika hapo, kitabu kimemsaidia zaidi ya ilivyotarajiwa, kwa kuwa ameanza kujiuliza namna yeye mwenyewe anavyolisimulia lake.

Rosa na Maimuna wanasimuliwa na mtu mwingine, kila mmoja kwa namna yake. Msimulizi wa Kezilahabi ana sauti kavu. Hueleza mambo mazito kwa sentensi fupi na mara nyingi hatoi pole. Vijana wengine hukasirishwa na ukavu huo. Msichana mmoja wa kundi letu aliniambia, "Mwalimu, huyu anamwangalia tu Rosa akizama, hata hamwitii mtu." Nilimjibu kwamba pengine hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyofanya, naye akasema hilo halimwondolei lawama mwandishi. Nimelifikiria jibu lake kwa muda mrefu kuliko nilivyomkubalia siku ile. Msimulizi wa Utengano ana hasira zaidi na anaificha kidogo tu, na mazungumzo ya wahusika wake yana uhai mwingi, hata mtu akiyasoma kwa sauti wasikilizaji huinua vichwa.

Chozi la Heri nayo inatumia nafsi ya tatu, lakini ina mahali pazuri sana pa kusomea kundini, pale wasichana wa shule wanapokaa pamoja na kila mmoja akasimulia yaliyompata: Umulkheri, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema. Kila mmoja anajitafuta kwa kuwasikiliza wengine. Kama unataka kusoma sehemu moja tu ya vitabu vyote vinne na kundi la vijana wasiofahamiana, soma hiyo, umpe kila msomaji sauti ya msichana mmoja, na usiulize maswali mara tu inapomalizika.

Makali

Kwa kuwa mzazi ana haki ya kujua, nitasema wazi. Rosa Mistika ina ulevi, kipigo cha nyumbani, uhusiano wa kimapenzi kati ya msichana na wanaume wenye mamlaka, utoaji mimba, na kujiua. Ilipotoka ilizua malalamiko mengi, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, kabla ya kurudi baadaye na kuheshimiwa kama mojawapo ya kazi zilizoifungulia njia riwaya ya kisasa ya Kiswahili. Mwandishi aliichapisha akiwa na umri wa miaka 27 tu au chini kidogo, na nadhani ujana huo unaonekana katika ujasiri wake wa kutofunga jeraha. Hakuna faraja mwishoni. Kijana anayepitia kipindi kigumu cha huzuni asipewe kitabu hiki akakisome peke yake chumbani. Akisome na mtu, au asubiri.

Utengano ina ukahaba, ulevi na ukatili wa kifamilia, tena wenye hila, ila mwandishi anamwachia Maimuna nafasi ya kurudi na kuyatazama aliyoyatoroka. Baadhi ya wazazi waliniambia kwamba ni kali kuliko Rosa Mistika. Kwa maoni yangu ni pana zaidi tu, na kinachowashtua ni kwamba mwenye hatia ndani yake ni mtu wa heshima.

Chozi la Heri ina mauaji ya kikabila, nyumba zinazochomwa, biashara ya kuuza watoto na dawa za kulevya. Ukiyaorodhesha hivyo unadhani ndiyo nzito kuliko zote, lakini ni kitabu chenye huruma, na waliopotea hawasahauliwi. Kuna wanaosema kwamba sadfa zake ni nyingi mno na kwamba watu hukutana pale hasa wanapohitajika. Wanasema kweli. Hata hivyo msomaji wa miaka 15 aliyepotelewa na ndugu hazihesabu sadfa.

Siku Njema ndiyo nyepesi kuliko zote kwa upande huu. Kuna mateso ya yatima, njaa na udhalili wa njiani, ila hakuna kitu ambacho ningesita kukisoma mbele ya mama yangu. Kongowea anakuta nini Kitale sitasema, kwa kuwa nusu ya raha ya kitabu imo katika kutokujua.

Kiswahili chake

Watu wengi waliosoma sekondari Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya hapo wanakumbuka Siku Njema kwa lugha yake kuliko kisa chake. Tulikuwa tunanakili misemo yake katika madaftari na kuitumbukiza katika insha zetu, tukitumaini kwamba mtahini hatatambua ilikotoka, naye bila shaka alitambua. Ni Kiswahili cha mtu anayeifurahia lugha, kilichojaa nahau, methali na maneno ya kale, na kwa kijana wa Sheng kurasa 20 za mwanzo ni mlima. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuzisoma kurasa hizo kwa sauti, bila kamusi, na kumwacha msikilizaji abebwe na mdundo. Kamusi ije siku ya pili. Kijana akianza kwa kutafuta maana ya kila neno atachoka kabla Kongowea hajatoka Tanga.

Kezilahabi yuko kinyume kabisa. Sentensi zake ni za Kiswahili sanifu cha Tanzania bara, fupi na zilizo wazi, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuzisoma bila msaada. Hapo pana mtego: kwa kuwa lugha ni rahisi, kitabu huonekana cha watoto, na mtoto huingia ndani haraka kuliko umri wake unavyomruhusu.

Utengano ina ladha ya visiwani. Jinsi watu wanavyoitana, wanavyotukanana kwa adabu na wanavyofumba maneno ni shule kamili, ijapokuwa msomaji wa Nairobi atahitaji kuelezwa kwamba yale yanayosemwa kwa upole ndiyo yenye ncha. Chozi la Heri imeandikwa kwa Kiswahili cha Kenya ya leo, cha darasani na cha habari, chenye msamiati mpana na sentensi ndefu kiasi. Ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kuanzia mwaka 2018, na hilo ni jambo jema na baya pamoja. Miongozo yake ni mingi, hivyo msomaji akikwama ana pa kwenda. Lakini nakala tuliyonunua kando ya barabara ilikuwa imepigiwa mistari kila ukurasa na kuandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, "sadfa", "jazanda", "taharuki", hadi pale palipokuwa na kilio cha mtoto. Binti mmoja aliifungua akaniuliza, "Huyu alikuwa anasoma hadithi ama alikuwa anatafuta maksi?" Ukiweza, mnunulie kijana wako nakala safi.

Kulingana na hali uliyo nayo

Kama kijana wako hajui baba yake, au anamjua kwa jina tu, watu wengi watakushauri Siku Njema, nami sitawapinga sana. Ila msome kwanza yeye. Kuna vijana ambao habari ya yatima anayesafiri kumtafuta baba huwapa nguvu, na kuna wengine ambao huwaongezea matumaini yasiyoweza kutimia. Kwa hao wa pili ningeanza na Chozi la Heri, kwa sababu humo mtoto anapata watu wa kuwaita wake bila kumpata yule aliyempoteza.

Kama ni mtoto wa ndoa ya makabila mawili, au amechoka kuulizwa kwao ni wapi, Siku Njema inamfaa, na Chozi la Heri inamfaa kwa njia nyingine. Ya kwanza itampa fahari ya kuwa mtu wa lugha. Ya pili itamwonyesha gharama ambayo watu walilipa kwa kuulizwa swali hilohilo wakati wa chuki. Mwanaheri, kwa mfano, ni mtoto wa nyumba iliyovunjika kwa sababu ya ukoo wa mama. Ningempa Siku Njema mwezi Agosti wa likizo na kumwachia Chozi la Heri mpaka Desemba, isipokuwa pale nyumbani kwenu ambapo mambo ya mwaka 2007 bado hayazungumziki. Hapo ningegeuza mpangilio, au ningeisoma mimi kwanza.

Kama ni msichana ambaye analindwa sana, anayepelekwa na kurudishwa, ambaye simu yake inakaguliwa, utavutiwa na Rosa Mistika au Utengano, na hapa ningemwomba mzazi ajiulize anataka kitabu kifanye kazi gani. Mzazi anayempa binti Rosa Mistika ili aogope wanaume amempa kitabu kisicho chake, kwa sababu kitabu hicho kimemwelekezea kidole mzazi. Nimewahi kumwona baba mmoja akikirudisha wiki ileile, akisema hakikumfaa binti. Baadaye alikuja kukichukua tena, mara hii kwa ajili yake mwenyewe. Basi anayetaka kuzungumza na binti yake na achague Utengano ikiwa nyumba yenu ina watu wengi na mambo mengi yasiyosemwa, na achague Rosa Mistika ikiwa jambo lenyewe ni kati ya watu wawili tu. Wasome wote wawili, kila mmoja na nakala yake, na mzazi awe wa kwanza kusema alichokiona.

Kama ni mvulana asiyependa kusoma, usitafute riwaya yenye mvulana ndani yake kwa sababu hiyo tu. Wavulana wa kundi letu waliipenda Utengano kuliko nilivyotarajia, kwa vituko na mazungumzo yake, na wawili kati yao walibishana Jumamosi nzima kuhusu Maksuudi. Siku Njema, pamoja na kwamba ni ya mvulana, iliwashinda wale ambao hawakusomewa mwanzo wake.

Kama wewe ni mwalimu mwenye kundi la watu 15 na nakala tatu, chagua Chozi la Heri au Siku Njema, maana zinakatika vizuri vipande vya saa moja. Na kama fedha hazipo kabisa, maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara zina vyumba vya kusomea ambamo kundi dogo linaweza kukaa, na ile ya McMillan iliyo Barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931, iko hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Piga simu kwanza uulize nakala zilizopo, kisha nenda na kijana mwenyewe, umwache afungue kurasa mbili tatu za kila kimoja akiwa amesimama. Ukimwona ameketi bila kuambiwa, hicho ndicho cha kwenda nacho nyumbani.